SOMO: SERIKALI ISIYOCHAPA NOTI HUFANYAJE MSIMU UKIHARIBIKA?

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano uliopita palizuka swali ambalo halikupata jibu la kutosha, kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Mwanachama mmoja aliuliza: "Serikali ikikosa mapato hukopa. Kwa nini sisi tujinyime kwa kuweka akiba, tusigawane tu?" Swali ni zuri, nalo lataka somo.

Kwanza yafaa tutenge serikali kuu na serikali zilizo chini yake. Serikali kuu ina benki yake kuu na fedha yake; mwaka ukiwa mbaya yaweza kukopa na kungoja. Serikali ya jimbo haina benki kuu. Marekani ina majimbo 50, na yote isipokuwa Vermont yamefungwa na sheria, nyingine kali nyingine laini, kwamba hesabu ya mapato na matumizi ya kawaida ilingane. Kukopa kwa kujenga daraja si tatizo. Kukopa ili kulipa mishahara ya mwezi, hapo ndipo pana kizuizi.

Sasa tazameni ugumu wake. Biashara ikilegea, kodi hupungua. Na wakati huo huo walioachishwa kazi huongezeka, nao huja kuomba matibabu na posho. Serikali hulazimika kukata mwaka ule ule ambao watu wanaihitaji zaidi. Na kila aliyekatwa mshahara hupunguza kununua, basi mwenye duka naye hulegea, na kodi yake hupungua vile vile.

Tuchukue mfano wa California, jimbo tajiri kuliko nchi nyingi za dunia. Sehemu kubwa ya mapato yake ni kodi ya mapato ya watu binafsi, na karibu nusu ya kodi hiyo, miaka mingi, hutoka kwa tajiri mmoja katika kila watu mia. Matajiri hao hupata faida kwa kuuza hisa. Hisa zikipanda, hazina hufurika. Zikianguka, hazina hukauka. Sisi watu wa karafuu hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kutegemea mti mmoja.

Hisa zilianguka mwaka 2008. Kufika Julai 2009 pengo katika hesabu ya jimbo lilikuwa kiasi cha dola bilioni 26. Gavana alikuwa Arnold Schwarzenegger, yule wa sinema. Kodi ya mauzo ilikuwa imekwisha kuongezwa kwa muda tangu Aprili. Watumishi wa jimbo walipewa likizo bila mshahara, siku mbili kwa mwezi, kisha tatu. Mwezi wa Novemba ada ya Chuo Kikuu cha California ilipandishwa kwa asilimia 32.

Lakini jambo ambalo nataka mlishike ni hili. Fedha taslimu zilipokaribia kwisha, tarehe 2 Julai 2009 jimbo lilianza kutoa hati za ahadi badala ya malipo: shika karatasi hii, utalipwa baadaye pamoja na riba ya asilimia 3.75 kwa mwaka. Zilitolewa hati kiasi cha 450,000, za thamani ya dola bilioni 2.6 hivi. Je, nani aliyepewa karatasi? Si waliolikopesha jimbo. Hao, pamoja na shule, katiba yawaweka mbele. Karatasi walipewa wenye maduka waliouza vifaa kwa serikali, watu waliongoja kurudishiwa kodi waliyolipa kupita kiasi, na wilaya zilizohudumia maskini. Benki kubwa zilizipokea kwa siku chache tu, kisha kuanzia tarehe 10 Julai nyingi zikakataa. Malipo yalianza mwezi wa Septemba. Kwa benki miezi miwili si kitu. Kwa fundi aliyekwisha kuwalipa vibarua wake, miezi miwili ni mirefu sana. Aliyewahi kupima karafuu zake na kurudi nyumbani na stakabadhi pasipo fedha anajua.

Serikali kuu ilisaidia. Sheria ya Februari 2009, ya dola bilioni 787, ilipeleka sehemu ya fedha kwa majimbo kwa ajili ya shule na matibabu. Bila hiyo makato yangekuwa makubwa zaidi.

California ilijifunza. Mwaka 2014 wananchi walipiga kura wakakubali kwamba kila mwaka asilimia 1.5 ya mapato iwekwe kando, na faida ya hisa ikizidi kiwango, ziada nayo iingie humo. Na mfuko usifunguliwe ila gavana atangaze dharura. Ugonjwa wa korona ulipokuja mwaka 2020, jimbo lilichota humo kiasi cha dola bilioni 7.8.

Hata hivyo akiba nayo yaweza kuwa sanamu. Texas ilianzisha mfuko wake mwaka 1988, baada ya bei ya mafuta kuanguka, nao hulishwa kwa kodi ya mafuta na gesi. Mwaka 2011 mfuko ulikuwa mnono, lakini wakubwa walikubali kutoa bilioni 3.2 tu, huku shule zikikatwa mabilioni. Sioni maana ya ghala linaloogopwa kufunguliwa wakati wa njaa.

Na sisi je? Serikali ya Zanzibar nayo haichapi noti. Kazi hiyo ni ya Benki Kuu ya Tanzania. Wazee wanakumbuka miaka ya 1980, Indonesia, aliyekuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilipojitosheleza kwa mikarafuu yake na bei ya dunia ikaporomoka. Chama chetu ni kidogo mara elfu kuliko serikali, wala hakuna wa kutuletea mabilioni.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga kura juu ya kugawana, kamati yawaomba mjadiliane katika matawi: msimu mkubwa ukija, fungu gani liingie akiba kabla ya mgao, nani mwenye mamlaka ya kufungua, na kwa dalili gani, na fedha zikipungua, nani alipwe kwanza. Mimi kwa rai yangu naona wachumaji wawe wa kwanza, maana wao hula kwa pishi ya siku ile. Wasioafiki waandike. Majibu yapelekwe kwa wajumbe wa matawi, nao watayasoma mkutanoni kama yalivyo.

Katibu