Kusahihisha Nywele Zilizonyolewa Vibaya

Mara nyingi mwanafunzi hutoka kwa kinyozi akiwa na kishimo kichwani, mahali ambapo mashine imekula nywele kuliko ilivyokusudiwa. Wenzake humcheka, naye hurudi kuomba mashine ipitishwe tena palepale. Ombi hilo huzidisha kosa. Ili kufahamu sababu, yafaa kwanza kuuchunguza ukuaji wa unywele.

1. Ukuaji wa unywele

Sehemu ya unywele inayoonekana haina uhai. Imejengwa kwa protini iitwayo keratini. Seli hai zimo mzizini, chini ya ngozi, nazo huurefusha unywele kwa wastani wa milimita 10 hivi kwa mwezi. Wembe haufiki mzizini. Kwa hiyo si kweli kwamba kunyoa huzifanya nywele ziwe nene zaidi au zikue upesi zaidi. Mwaka 1928 Mildred Trotter wa Marekani alichunguza ndevu zilizonyolewa na hakuona badiliko la namna hiyo.

2. Hesabu ya kishimo

Ichukuliwe kwamba nywele zina urefu wa milimita 12, na kishimoni zimebaki milimita 3. Tofauti ni milimita 9. Baada ya siku 30 zitafikia milimita 22 na 13. Tofauti ingali milimita 9! Ni dhahiri kwamba muda peke yake hausawazishi nywele. Hata hivyo, nywele za jirani zilizokuwa ndefu mara 4 sasa hazifiki mara 2, na kishimo hakionekani sana. Usawa kamili hupatikana tu kwa kupunguza nywele zinazokizunguka.

3. Kazi ya kinyozi

Kwanza, nywele huchanwa na kukaguliwa penye mwanga ili kupata mahali palipo pafupi kuliko pote. Urefu huo ndio kipimo cha kazi yote. Vichana vya mashine husaidia: kwa kawaida namba 1 huacha milimita 3, namba 2 milimita 6, na namba 4 milimita 13 hivi.

Kishimo kikiwa chini ya kisogo, hutengenezwa mteremko: namba 1 chini, namba 2 juu yake, kisha namba kubwa zaidi. Kila inapofika mpakani, mashine huinuliwa taratibu kutoka kichwani ili mstari usibaki. Jicho hutambua upesi badiliko la ghafla, lakini si la polepole.

Kishimo kikiwa utosini, mteremko haufai. Ama nywele zote hupunguzwa hadi milimita 3, ama husubiriwa siku 27 hivi, kishimo kifikie milimita 12, ndipo kichwa chote kikatwe kwa kipimo hicho.

4. Hadhari

Mstari wa paji la uso ukipindishwa, usifuatwe kwa wembe; kila sahihisho huusogeza nyuma zaidi. Tena, nywele za kipilipili zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha zake kali huweza kujipinda, kuingia ngozini na kuleta vipele. Vifaa visafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kila mteja, na wembe uwe mpya, kwani virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi.

Mwisho, si kila kiraka ni kosa la kinyozi. Kiraka chenye magamba, mwasho na nywele zilizokatika huenda kikawa mapunye, ugonjwa wa kuvu unaohitaji dawa ya hospitali. Mashine haiuponyi, bali huweza kuueneza.

Zoezi

Nywele za utosini zina milimita 13, na kishimoni milimita 6. Baada ya siku ngapi kichwa chote kitaweza kukatwa kwa kichana namba 4?