Tazama Maji Kabla ya Kununua Chambo Bandia

Krapi, samaki wa maziwa na mabwawa ya Marekani, hutegemea sana macho awindapo; hivyo hali ya maji ndiyo iongoze ununuzi. Maji yakiwa maangavu, tunashauri chambo kidogo chenye rangi hafifu, mfano wa vidagaa. Yakiwa na tope, chagua kikubwa kidogo chenye rangi kali, kama manjano yenye ukijani pamoja na nyeusi. Maji yakiwa baridi, kivute polepole. Uzito wa gramu 1 hadi 2 kwa kawaida hutosha. Usivute kwa kishindo, kwani mdomo wa krapi huchanika upesi. Usilipie kasha zima ilhali vyambo vichache vifaavyo vinatosha. Fedha itakayobaki ikusaidie kulipia leseni ya uvuvi ya jimbo lako.