Kipimajoto kimevunjika, zebaki niipeleke wapi?

*Daktari, nikimpima mwanangu homa, kipimajoto cha kioo kiliniponyoka kikavunjika. Vitone vya zebaki nimevitia kwenye kichupa. Jirani anasema nimwage chooni, mume wangu anasema nichome. Nifanyeje?*
*Mama wa wawili, Tanga*

Mama, usiichome na usiimwage. Kuigusa mara moja hakutamdhuru mtoto, na hata akimeza kitone, kwa kawaida hutoka na choo. Cha kuogopa ni mvuke, hauonekani wala haunuki, na moto huuzidisha. Zebaki ikifika mtoni au baharini, bakteria huigeuza sumu inayojilimbikiza ndani ya samaki, hasa wakubwa walao wenzao. Sumu ya aina hiyo ndiyo iliyowalemaza watu wa Minamata, Japani, miaka ya 1950.

Fungua madirisha, watoto wakae nje. Usifagie, maana ufagio huitawanya. Mulika nyufa kwa tochi, unase vitone vilivyobaki kwa selotepu. Tia maji kidogo kichupani, kifunge kabisa, ukiandike “zebaki”, kisha muulize afisa afya wa hospitali yenu ukipeleke wapi.

Aliyevuta mvuke akianza kukohoa, kubanwa kifua au kupata homa, awahishwe hospitali.

Ukinunua kingine, chukua cha kidijitali. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipimajoto vya zebaki, ingawa vya zamani bado vimo makabatini mwetu.