Mtoto Aliyevushwa Bahari ni Amana

Ndugu zetu Waislamu, somo letu la safari hii ni juu ya mtoto anayetolewa kwao kwa kuhofiwa maisha yake, akavushwa mpaka nchi nyingine pasina baba wala mama. Je, yampasa nini yule anayempokea?

Jambo la watu kukimbia kwa bahari si geni kwetu watu wa pwani ya kusini. Mwishoni mwa Januari 2001, baada ya polisi kuwapiga risasi waandamanaji kisiwani Pemba, watu wapatao 2,000 walivuka kwa vyombo wakashuka Shimoni. Wengi walipelekwa kambi ya Dadaab, na mwaka huo huo wengi wakarejea kwao. Basi fitina kama ile ikizuka, mzazi huenda akapata nafasi ya mtoto tu chomboni, yeye akabaki ufuoni. Na mtoto huyo atashuka kwetu: Vanga, Wasini, Shimoni, Gazi, Msambweni, hata Diani.

Tutazame kwanza kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Sura ya Al-Qasas. Mamake alipomhofia kuuawa na watu wa Firauni, alimtia mtoni kwa ilhamu ya Mwenyezi Mungu. Lakini hakumwacha hivi hivi. Alimtuma dadake amfuate kwa mbali, ajue afikiako. Na dada huyo ndiye aliyekuwa sababu ya mtoto kurudishwa kwa mamake. Twajifunza kwamba kumwepusha mtoto na mauti kwa kumtenga nasi ni jambo lililofanywa na watu wema. Lakini lazima awepo ajuaye alipo.

Pili tumtazame Zaid bin Haritha (R.A.). Alitekwa utotoni, akauzwa, akafika nyumbani kwa Mtume (S.A.W.). Baba yake alimtafuta hata akamfikia Makka. Mtume hakumzuia Zaid. Alimpa hiari, naye akachagua kubaki. Watu wakimwita Zaid bin Muhammad, mpaka iliposhuka aya ya 5 ya Sura ya Al-Ahzab, ikaamrisha watu waitwe kwa baba zao; na wasiojulikana baba zao ni ndugu zetu katika dini. Ikiwa nyumba ya Mtume haikuachiwa kufuta jina la Haritha, nyumba zetu zina haki gani?

Wako waliookoa miili, nasaba zikapotea. Katika karne ya 19, manowari za Kiingereza zilikamata majahazi ya watumwa, na watoto waliokuwamo baadhi yao wakapelekwa Bara Hindi, wakalelewa na wamisheni huko Nasik, wakapewa majina mageni. Waliporejea ukubwani walikuwa miongoni mwa wakazi wa kwanza wa Freretown, Mombasa, iliyoasisiwa mwaka 1875. Minyororo waliepukana nayo. Lakini wangapi waliweza kuonyesha kaburi la babu yao?

Basi mtoto akishuka ufuoni, na yaandikwe papo hapo jina lake, la baba na la mama, mtaa wao, chombo alichokuja nacho na siku yenyewe. Ndugu wasitenganishwe. Habari zifikishwe kwa chifu na kwa ofisi ya watoto ya serikali, na Msalaba Mwekundu waombwe kuwatafuta jamaa zake. Asikabidhiwe mtu kwa sababu tu amemwomba.

Kumlea ni kafala, nayo ina thawabu kubwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua. Lakini kumwita kwa jina lisilo la baba yake, kula mali yake, au kumfanya mtumishi wa nyumba kwa jina la ulezi, hiyo ni khiyana. Amana hurejeshwa kwa mwenyewe. Na siku mzazi akibisha hodi, isiwe mlezi ndiye anayefunga mlango.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuzichunga amana zake. Amin.