SUPU YA MIFUPA: INAJENGA MWILI AO INAJAZA TUMBO TU?



Katika nyumba nyingi za kwetu watu wanasema neno moja: "Supu ya mifupa njo nguvu." Mugonjwa anapewa supu. Mama aliyetoka kuzaa anapewa supu. Mutoto aliyeachishwa ziwa anapewa bugali na supu. Neno hili ni la kweli kwa upande mumoja. Kwa upande mwingine linaweza kuumiza mutu, zaidi sana mutoto mudogo. Sisi wa mwaka wa sita tumeona vema kulifanya somo la gazeti letu mara hii, juu biolojia na kemia tunazijifunza darasani, lakini mara nyingi hazifiki mpaka ku jiko.

Tutajibu maulizo ine. Mufupa umefanywa na nini? Ukitokoteshwa, kitu gani kinaingia katika maji? Kitu gani hakiingii? Na tupike namna gani kusudi supu itusaidie kweli?

1. MUFUPA UMEFANYWA NA NINI?

Mufupa una vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni madini, ndiyo kalsiumu na fosforo zilizoungana. Madini njo yanafanya mufupa kuwa mugumu. Katika mufupa mukavu, karibu sehemu mbili za tatu za uzito wake ni madini. Cha pili ni proteini inayoitwa kolajeni. Hiyo ni kama kamba nyembamba zinazofunga madini pamoja, kusudi mufupa usivunjike kama chungu cha udongo.

Mutu asiyeamini anaweza kujaribu mwenyewe. Twaa mifupa miwili ya mguu wa kuku. Mumoja uweke ndani ya vinegre siku ine ao tano, na kubadilisha vinegre mara moja ao mbili. Asidi itakula madini, na mufupa utapindika kama mpira. Wa pili uchome vizuri katika moto mpaka uwe mweupe. Moto utakula kolajeni. Mufupa utalinda umbo lake, lakini ukiuminya kwa vidole utakuwa unga. Shika vizuri mafundisho haya: asidi inaondoa madini, moto unaondoa kolajeni. Sasa maji ya kuchemka yanaondoa nini?

2. KITU KINACHOINGIA KATIKA MAJI

Maji ya moto, yakikaa juu ya moto masaa mengi, yanalegeza kolajeni na kuigeuza jelatini. Ni jelatini hiyo inayofanya supu ishikane kama uji ikipoa asubuhi. Pamoja nayo mafuta yanatoka, zaidi ule uboho ulio ndani ya mufupa. Chunvi-chunvi na utamu wa nyama vinatoka vilevile. Na kama vipande vidogo vya nyama vimebaki ku mufupa, hivyo navyo vinaanguka katika chungu.

Vitu hivi vyote vina kazi yao. Mafuta yanatoa nguvu mara mbili na zaidi kupita bugali wa uzito uleule. Tena yanasaidia mwili kupokea vitamini A inayotoka katika lengalenga na sombe. Nyama kidogo iliyobaki inasaidia mwili kupokea chuma kilicho katika maharagi na majani. Chuma njo kinajenga damu. Maji na chunvi vinamusaidia mugonjwa aliyetoka jasho mingi. Harufu nayo inaamsha hamu ya chakula kwa mutu aliyekataa kula. Mzee asiye na meno anaweza kukunywa. Basi wazee wetu hawakusema bure. Hata nabii Ezekieli, katika sura ya 24, anasema juu ya chungu kilichotiwa vipande vya nyama na mifupa mizuri. Ni chakula cha zamani sana.

3. KITU KISICHOINGIA

Watu wengi wanafikiri: "Mufupa umejaa kalsiumu, kwa hiyo supu yake imejaa kalsiumu." Hapana. Utazame mufupa uliotokoteshwa masaa sita. Je, umepindika kama ule wa vinegre? Ungali mugumu. Maana yake kalsiumu ingali ndani yake, haikuingia katika supu.

Wataalamu wa London, McCance, Sheldon na Widdowson, walipima jambo hili na kuandika matokeo mwaka wa 1934. Waliona kwamba kalsiumu ya supu ya mifupa ni kidogo sana kulinganisha na ile ya maziwa. Walitia mboga katika chungu, na hizo mboga njo ziliongeza madini ya supu. Kikombe kikubwa cha maziwa ya ngombe kina karibu miligramu 300 za kalsiumu. Kikombe cha supu kwa kawaida hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya hizo. Na kijana wa umri wetu, ambaye mifupa yake ingali inakomaa, anahitaji karibu miligramu 1300 kwa siku. Ukitia ndimu ao nyanya katika chungu, asidi yao inatoa kalsiumu kidogo zaidi, lakini ni kidogo tu.

Sasa kalsiumu tutaipata wapi, sisi ambao maziwa hatuyapati kila siku? Ziwa liko mbele yetu. Sambaza, wale samaki wadogo walioletwa katika ziwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, tunawakula pamoja na mifupa yao. Mutu anayekula sambaza muzima anameza kalsiumu yenyewe. Mutu anayekunywa supu ya mufupa wa ngombe, kalsiumu anamuachia mbwa.

4. JELATINI PEKE YAKE HAITOSHI

"Basi," wengine watasema, "kalsiumu haiko, lakini proteini ya jelatini iko." Ni kweli, iko. Lakini hapa historia inatufundisha jambo kubwa.

Mwaka wa 1679, Denis Papin, Mufaransa Muprotestanti aliyeishi London, alionyesha wataalamu chungu chenye kifuniko kinachofunga sana, hata mvuke hautoki. Ndani yake mifupa migumu ililegea kabisa. Chungu kile ni babu ya sufuria za mvuke za leo. Toka hapo watu walianza kuwaza: kumbe mifupa inayotupwa inaweza kulisha masikini wote! Katika miaka ya kwanza ya 1800, katika Paris, supu ya jelatini ilipikwa kwa wingi na kupewa wagonjwa wa hospitali na masikini. Lakini malalamiko yalianza. Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kikaweka tume, na munganga Magendie akaiongoza. Ripoti yao ilitoka mwaka wa 1841: mbwa waliopewa jelatini peke yake walikonda, na mwisho wakakufa. Walikuwa na chakula mbele yao, lakini walikufa kwa njaa.

Sababu haikujulikana wakati ule. Leo inajulikana. Proteini inafanywa na vipande vinavyoitwa asidi-amino, kama vile neno linafanywa na herufi. Ziko tisa ambazo mwili wa mutu hauwezi kuzitengeneza. Lazima zitoke katika chakula. Moja kati ya hizo, triptofani, haiko katika jelatini hata kidogo. Waza mashini ya kuandikia iliyovunjika herufi A. Hata ukipiga M mara elfu, hauwezi kuandika MAMA. Ni vilevile mwili unaopewa jelatini peke yake.

Kwa sisi hatari inazidi. Unga wa mahindi nao una triptofani kidogo sana. Unga wa muhogo una proteini kidogo mno, ya namna yoyote. Basi bugali wa mahindi na supu ya mifupa, bila kitu kingine, ni vilema wawili wanaokosa mguu uleule: hawawezi kusaidiana kutembea. Kumbe maharagi wana triptofani, na katika gramu 100 za maharagi makavu muna zaidi ya gramu 20 za proteini. Samaki, mayai, nyama, karanga na soya vilevile wana triptofani.

Neno moja juu ya magoti. Watu wanasema: "Ukikunywa supu ya magoti ya ngombe, magoti yako itapona." Tumbo haliwezi kupeleka goti la ngombe mpaka ku goti la mutu. Tumbo linakata jelatini vipande-vipande, na mwili unatumia vipande hivyo mahali unapotaka. Tena, kusudi mwili ujenge kolajeni yake, unahitaji vitamini C. Hiyo haitoki katika mufupa. Inatoka katika mapera, machungwa, ndimu na majani mabichi.

5. NANI ANAKULA NYAMA, NANI ANAKULA MAJI?

Hapa tunafika mahali panapouma. Katika mezani ya nyumba nyingi, baba na wageni wanapewa nyama, na watoto wanapewa "mayi ya supu" juu ya bugali. Mama anasema kwa moyo safi: "Nguvu yote ya nyama imeingia mu supu." Haikuingia. Proteini nzuri imebaki katika nyama, kalsiumu imebaki katika mufupa, na mutoto amepata maji yenye harufu nzuri. Tumbo lake linajaa, halii, na kila mutu anafikiri amekula.

Mutoto anayekula hivi siku kwa siku anaacha kukomaa. Anaweza kuvimba miguu na uso, nywele zinabadilika rangi, hana furaha tena. Ugonjwa huo unaitwa kwashiorkor, na munganga Cicely Williams aliuandika katika miaka ya 1930 alipokuwa akitumika Ghana. Jina lenyewe linatoka katika luga ya kule, juu ya mutoto anayepatwa na ugonjwa wakati mwingine anazaliwa nyuma yake. Mutoto wa namna ile apelekwe ku hospitali upesi, asiongezewe supu.

Tunaandika neno hili juu wengi wetu tuna wadogo wetu ku nyumba. Hatuwezi kumufundisha baba kwa kelele. Lakini kaka mukubwa ao dada mukubwa anaweza kutwaa kipande chake cha nyama, akikate vidogo-vidogo na kukitia katika sahani ya mudogo wake. Wazazi wataona, na watauliza sababu. Hapo njo saa ya kueleza kwa heshima.

6. CHUNGU KIMOJA: MIFUPA NA MAHARAGI

Basi tutupe mifupa? Hapana kabisa. Kosa ni kuiacha ikae peke yake. Mahali pake ni ndani ya chungu cha maharagi. Maharagi yanahitaji moto masaa mawili ao matatu. Mifupa nayo inahitaji masaa mengi. Moto mumoja unafanya kazi mbili, na makala hayaishi bure. Namna ya kufanya ni hii:

a) Loweka maharagi toka mangaribi, asubuhi mwanga maji yale.

b) Osha mifupa, uivunje kwa shoka kusudi uboho utoke. Chunga sana vipande vidogo vyenye ncha.

c) Tia mifupa na maharagi katika maji mapya, funika, acha vichemke pole-pole mpaka maharagi yalegee.

d) Mwishoni tia kitunguu, nyanya na chunvi kidogo. Lengalenga iingie dakika chache tu mbele ya kuepua, juu moto mrefu unaharibu vitamini C.

e) Ondoa mifupa yote mbele ya kugawa, zaidi kama watoto wanakula.

Katika internati yetu maharagi yanapikwa karibu kila siku, lakini siku kuu ngombe ikichinjwa, mifupa inaenda kwa mbwa. Ombi letu kwa ndugu ekonomo na kwa mama wapishi ni hili: mifupa ile iingie katika chungu cha kesho yake. Ku soko mifupa ina bei ndogo kupita nyama. Sisi viongozi wa wanafunzi tuko tayari kupanga zamu ya kuipasua na kuiosha.

7. MAMBO YA KUCHUNGA

- Usitwae mifupa ya nyama aliyekufa mwenyewe kwa ugonjwa. Vijidudu vya kimeta havikufi kwa kuchemshwa tu.

- Supu isilale katika chungu joto-joto mpaka asubuhi. Vijidudu vinazaana humo. Ikulwe siku ileile.

- Mutoto asiyefika miezi sita anywe maziwa ya mama peke yake. Akifika miezi sita, usimupe maji ya supu matupu. Mupondee maharagi, samaki ao nyama ndani ya uji muzito.

- Mutu anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chunvi, vyote vya kusawazishwa. Apewe kidogo-kidogo, na apelekwe kwa munganga.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1) Sababu gani mufupa wa vinegre unapindika, na ule uliotokoteshwa katika maji haupindiki?

2) Jelatini inakosa asidi-amino gani? Taja vyakula vitatu vya kwetu vyenye kuileta.

3) Ku nyumba kwenu, nani anapata nyama, na nani anapata supu? Jibu la ulizo hili usiliandike. Ulifikiri wakati wa likizo, mezani.

Kiongozi wa wanafunzi,
kwa jina la mwaka wa sita