Chapa ya Mnyama na Muhuri wa Mungu

Wakristu wengi wanaingiwa na hofu wakisoma katika Kitabu cha Ufunuo habari za chapa ya mnyama na hesabu yake, 666. Wengine wasema chapa hiyo ni kitambulisho cha taifa. Wengine wasema ni chanjo. Hata wako wazazi wanaosita kumpeleka mtoto achanjwe, wakidhani sindano yaweza kuipoteza roho yake. Basi yafaa tulichunguze jambo hili kwa utulivu.

Mtakatifu Yohane aliwaandikia Wakristu wa Asia Ndogo, nchi iitwayo leo Uturuki. Huko Kaisari wa Roma alijengewa mahekalu na kuabudiwa. Karibu na mwaka 112, Plinio, liwali wa Bithinia, alimwarifu Kaisari Trayano jinsi alivyowapima walioshtakiwa kuwa Wakristu. Aliyetaka kuachiliwa ilimpasa kufukiza ubani mbele ya sanamu ya Kaisari na kumlaani Kristu. Wengi walioishika imani waliuawa.

Sasa maana yaonekana. Zamani kila herufi ya Kiebrania ilikuwa na hesabu yake, na jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi hizo, jumla yake ni 666. Chapa yatajwa mkononi na katika kipaji cha uso, yaani katika kazi zetu na katika mawazo yetu. Ni alama ya utii: kumpa mtawala, au mali, ibada impasayo Mungu peke yake. Utii wa namna hiyo hauingii mwilini kwa sindano. Kanisa lafundisha kwamba hakuna dhambi ya mauti pasipo akili kujua na moyo kukubali.

Tena tusisahau kwamba kitabu kile kile chataja alama nyingine: watumishi wa Mungu nao wametiwa muhuri. Sisi tumepokea alama isiyofutika katika Ubatizo na Kipaimara. Mashahidi wa Uganda walijua thamani yake. Walimtumikia Kabaka kwa uaminifu, lakini alipotaka yale Mungu aliyoyakataza, walikataa. Kizito alibatizwa na Karoli Lwanga usiku mmoja mwezi wa Mei 1886. Tarehe 3 Juni wote wawili waliteketezwa kwa moto Namugongo. Muhuri wa siku chache tu ulimtosha kijana yule.

Je, siku ya hukumu tutaulizwa nini? Siku yenyewe hakuna aijuaye, lakini Bwana wetu hakutuficha maswali, na Mtakatifu Mateo ameyaandika katika sura ya 25. Tutaulizwa juu ya mwenye njaa na mwenye kiu, mgeni, asiye na nguo, mgonjwa na mfungwa. Hatutaulizwa namba ya kitambulisho.

Basi, enyi wazazi, mpelekeni mtoto achanjwe bila hofu; kumkinga mdogo na ugonjwa ni tendo la mapendo. Na jioni, baada ya sala ya nyumbani, kila mmoja ajiulize: Moyoni mwangu ni nani anayeamuru? Ni Kristu, au ni fedha, chuki na hirizi niliyoificha? Na jirani aliye mgonjwa, nimemtazama lini? Mwenye kujibu maswali hayo kwa matendo leo hana haja ya kuiogopa hesabu yoyote.