Dawa ya Homa kwa Mtoto: Kipimo Chake na Saa Zake

Mara nyingi homa ya mtoto hupanda usiku, zahanati ikiwa imefungwa. Ndipo mzazi akimbiliapo chupa ya dawa iliyomo nyumbani, na dawa hiyo kwa wengi wetu ni parasetamoli. Ni dawa njema ikipimwa. Isipopimwa huweza kuharibu ini. Basi yafaa kila ajuaye kusoma ayashike maneno haya, tena awaeleze jirani zake.

Kwanza, kazi ya dawa. Homa si ugonjwa wenyewe, bali ni dalili yake, kama moshi ulivyo dalili ya moto. Parasetamoli hupunguza joto na maumivu, lakini haiui vijidudu vya malaria wala haiponyi kichomi. Mtoto akiisha kuinywa huenda akapoa na kucheza, huku malaria yaendelea damuni mwake. Kwa hiyo, katika nchi zenye malaria, mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa damu kabla ya kupita mchana mmoja na usiku wake, hata ikiwa joto limeshuka.

Pili, kipimo. Mtoto hupimiwa dawa kwa uzito wake: kila kilo moja ya mwili yapata miligramu 10 hadi 15 kwa mara moja. Uzito huandikwa katika kadi ya kliniki. Tuseme mtoto ana kilo 10. Dawa yake ni miligramu 100 hadi 150. Sasa tazama maandishi ya chupa. Ziko chupa zenye miligramu 120 katika mililita 5, na nyingine zina miligramu 250 katika mililita 5 zile zile. Mililita 5 za chupa ya kwanza zamfaa mtoto huyu. Za chupa ya pili zamzidi mno, maana kiasi chake humo ni mililita 2 na nusu tu. Kwa macho dawa hizi huenda zikafanana, lakini nguvu zake ni mbalimbali.

Tatu, chombo. Vijiko vya nyumbani havilingani ukubwa. Tumia kikombe cha kupimia kilichokuja na chupa, au bomba la sindano lenye alama za mililita, lililoondolewa sindano yake.

Nne, saa. Ukiisha kumpa, ngoja muda wa saa 6 ndipo umpe tena. Wala usizidishe mara 4 katika mchana na usiku. Homa ikirudi mapema, usiongeze dawa. Andika saa uliyompa, ili bibi asimpe tena mtoto aliyekwisha kupewa na mama yake. Tena kumbuka ya kuwa Panadol ni parasetamoli kwa jina jingine, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtoto aliyezidishiwa huweza kuonekana hana neno siku ya kwanza, kumbe ini laharibika. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa. Iko dawa ya kumwokoa, nayo hufaa zaidi ikitolewa kabla ya saa 8 kupita.

Tano, usimpe mtoto aspirini kwa sababu ya homa. Huweza kuleta ugonjwa wa Reye, udhuruo ini na ubongo. Uingereza iliwakataza watoto walio chini ya miaka 12 mwaka 1986, na mwaka 2002 ikapandisha umri hadi miaka 16.

Mwisho, wako watoto wasiofaa kungojewa nyumbani: mwenye homa aliye chini ya miezi 3, asiyeweza kunyonya wala kunywa, atapikaye kila kitu, aliyeshikwa na degedege, aliyelegea au asiyeamka, apumuaye kwa shida, na aliyekakamaa shingo. Hao wapelekwe hospitali upesi, usiku au mchana.

Walimu waweza kuandika hesabu hii ya kilo na miligramu ubaoni, kwa kuwa katika nyumba nyingi mtoto wa shule ndiye asomaye chupa. Wazee nao wawakumbushe watu barazani. Na mwenye shaka amwulize mganga wa zahanati au muuza dawa kabla ya kumimina. Kuuliza si ujinga.